Chambo bandia: kinachomnasa trauti na kinachowekwa kabatini

Mvuvi wengi wetu tunayemjua hutia mnyoo kwenye ndoana, akatupa, akangoja. Mwenye chambo bandia hana mnyoo wala dagaa. Ana kipande cha bati, mti, plastiki au manyoya kilichofungwa ndoana, na kazi yake ni kumfanya samaki aamini kwamba kile ni chakula kilicho hai. Katika makala haya tunaeleza jinsi chambo hicho kinavyofanya kazi katika mito yetu ya milimani, na kwa nini watu wa ng'ambo hulipa pesa nyingi kwa vyambo vikuukuu visivyotiwa majini tena. Ukikuta kisanduku cha zamani cha uvuvi nyumbani kwenu, utajua cha kufanya kabla mtu hajakununua kwa bei ya kutupa.

Trauti na mito yetu

Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Scotland, na samaki hao wakapandikizwa katika mto Gura kwenye milima ya Nyandarua. Baadaye akaletwa trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni magharibi mwa Amerika Kaskazini. Samaki hawa hutaka maji baridi yenye hewa nyingi, ndiyo maana wamebaki huko juu, Nyandarua na Mlima Kenya, na hawateremki hadi tambarare. Kituo cha Kiganjo, Nyeri, ndicho kinachojulikana zaidi kwa kuzalisha vifaranga vyake.

Trauti hukaa kichwa kikielekea mkondo unakotoka. Hujibanza nyuma ya jiwe au chini ya ukingo, akingoja maji yamletee wadudu na samaki wadogo. Macho yake ni makali, na ubavuni ana mstari unaohisi mtetemo wa maji. Basi chambo chochote kinachomfaa lazima kimdanganye kwa macho au kwa mtetemo, na vile bora hufanya yote mawili.

Spina ndiyo rahisi kwa anayeanza. Ni waya mwembamba wenye kibati chepesi kinachozunguka ukivuta mshipi, kikimetameta na kutetemesha maji. Mepps, mojawapo ya zinazojulikana sana, ilianzia Ufaransa mwaka 1938. Baadhi ya spina zake hufungwa nywele za mkia wa kindi kwenye ndoana, na mpaka leo watengenezaji hununua mikia hiyo kutoka kwa wawindaji wa Marekani. Kwa mito yetu myembamba, ya gramu 2 hadi 5 inatosha. Itupe kuelekea juu ya mto, kisha ivute kwa mwendo uliozidi ule wa maji kidogo tu. Ukivuta polepole mno, kibati hakizunguki na unaburuta chuma bure.

Kijiko nacho ni bati lililokunjwa kidogo, linaloyumba huku na huku kama samaki mgonjwa. Mmarekani Julio Buel alipata hataza ya chambo cha namna hii mwaka 1852. Husimuliwa kwamba alidondosha kijiko cha kulia ziwani akiwa kwenye mashua, akamwona samaki mkubwa akikirukia. Kama ni kweli au ni hadithi ya wavuvi, utaamua mwenyewe.

Kuna pia samaki wa kuchonga. Lauri Rapala, mvuvi wa Finland, aliona kwamba samaki wakubwa humfuata yule mdogo anayeogelea kwa kuyumba na kuwaacha wazima. Mwaka 1936 akachonga chambo cha gome jepesi la koki, akakifunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti, na juu akapaka negativu za picha zilizoyeyushwa ili maji yasipenye. Alikuwa mtu wa kipato kidogo aliyetumia alichokuwa nacho. Leo jina lake linajulikana hata kwa wanaoburuta vyambo nyuma ya mashua huko Malindi na Watamu.

Lakini kwa trauti, mfalme ni nzi bandia. Huyu hutengenezwa kwa mkono: ndoana hubanwa kwenye jiliwa dogo, uzi ukazungushwa, yakafungwa manyoya ya shingo ya jogoo, sufu au nywele za mnyama, kisha fundo likapakwa vanishi. Wengine huelea kama mdudu aliyetua juu ya maji, wengine huzama kama mdudu mchanga. Aina moja nyeusi, Kenya Bug, imechukua jina la nchi yetu. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Kenya ni mojawapo ya nchi zinazofunga nzi hawa kwa wingi na kuwauza Ulaya na Marekani. Mvuvi wa Montana anayejisifu kwa nzi wake mzuri huenda amefungiwa na mama wa hapa anayelipwa kwa dazeni. Sisi tunaona ni haki ufundi huo utajwe, maana dazeni moja inadai macho, subira na vidole vilivyozoea, na jina la aliyeifunga haliandikwi popote.

Kabla hujatupa mshipi, pata kibali. Uliza pia kama mto huo unaruhusu spina au ni nzi peke yake, kwani masharti hutofautiana, na ndani ya hifadhi kuna taratibu za KWS. Usiingie msituni peke yako. Nyati hatakuuliza kibali.

Vile vya kabatini

Wakusanyaji hawanunui chambo ili wavue. Wananunua historia yake: nani alikitengeneza, lini, rangi gani, na kama boksi lake bado lipo. James Heddon wa Dowagiac, Michigan, alichonga vyambo vya mti vyenye umbo la chura mwishoni mwa karne ya 19, na leo vile vyake vya mwanzo hutafutwa sana. Mwaka 2003 chambo kikubwa cha shaba kilichobuniwa na Riley Haskell, chenye hataza ya mwaka 1859, kiliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola 100,000. Bei kama hiyo ni ya nadra mno. Vyambo vingi vya zamani vilitengenezwa kwa maelfu, na uzee peke yake haukipi kitu thamani.

Huku kwetu walowezi walivua trauti kwa zaidi ya nusu karne, hivyo si ajabu babu aliyefanya kazi katika mashamba yao akawa aliachiwa kisanduku. Tafuta maandishi yaliyogongwa kwenye chuma. Jina Hardy, la Alnwick, au Allcock, la Redditch, ni la watengenezaji wa Uingereza wanaofuatiliwa. Mara nyingi rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, ndiyo yenye bei kuliko vyambo vyenyewe. Nzi wa zamani huliwa na nondo, na walioliwa hawana soko.

Ukikipata, usikipake rangi upya, usikisugue kwa msasa wala sabuni ya chuma, na usitupe boksi hata likiwa limechanika. Rangi ya asili iliyopasuka ina thamani kuliko rangi mpya inayong'aa. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, piga picha mchana pande zote, pamoja na maandishi, kisha linganisha na bei ambazo vitu vya aina hiyo vimeuzwa minadani. Bei anayoitaja muuzaji kwenye mtandao si bei aliyolipwa mtu.

Akitokea mtu kwa simu akidai ana mnunuzi wa ng'ambo, lakini kwanza utume ada ya wakala au ya forodha, kata simu. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi.

Shika vitu hivi kwa uangalifu, hasa watoto wakiwa karibu. Ndoana kuukuu yenye kutu ikimwingia mtu hadi kile kijino kinachorudi nyuma kikazama, usiivute. Kata mshipi, iache ilipo, umpeleke zahanati itolewe huko, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.