Bolti Tatu Katika Reli ya Upare, 1916

Mwishoni mwa Mei 1916, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalipoteremka kando ya reli ya Tanga hadi Moshi, inayopita Same chini ya miteremko ya magharibi ya Milima ya Upare, zilikutana huko aina tatu za bolti, yaani komeo la chuma linalosukumwa kwa mkono ili kuingiza risasi na kuifungia, kisha kuvutwa ili kutoa ganda lake.

Askari wengi wa Wajerumani, waliokuwa wakipigana na Waingereza hao, walikuwa wameanza Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na bunduki ya mwaka 1871, ambayo ilipakiwa risasi moja moja na kutumia baruti nyeusi, hivyo moshi ulimfichua mpigaji kila alipofyatua. Bunduki mpya aina ya Mauser 98 ziliongezeka baada ya Rubens, meli iliyowaletea Wajerumani silaha, kushambuliwa katika Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, Aprili 1915, kwa kuwa sehemu kubwa ya shehena yake iliopolewa. Waingereza nao walibeba Lee-Enfield, yenye risasi kumi na bolti nyepesi kuvuta, sifa iliyowapa wepesi mkubwa wa kufyatua.

Hata hivyo, mafundi waliounda bunduki za kuwindia wanyama wakubwa waliipenda zaidi Mauser. Meno ya kufungia ya Lee-Enfield yako nyuma ya bolti, kwa hiyo msukumo wa risasi kali hunyumbua chuma kilicho kati yake na mtutu. Ya Mauser yako mbele, karibu na risasi yenyewe, na jino la tatu huwekwa nyuma kwa usalama. Isitoshe, kucha yake pana hushika kitako cha risasi mara tu inapotoka kwenye magazini na haikiachii mpaka ganda litupwe nje, hata mpigaji akivuta bolti kwa papara. Ndiyo maana mafundi wa bunduki Rigby wa London, walipotoa risasi yao ya .416 mwaka 1911, waliijengea bunduki juu ya mtambo mkubwa wa Mauser.

Jeshi lililohitaji kufyatua haraka lilikuwa na sababu ya kuthamini Lee-Enfield. Lakini mwindaji anayekabiliwa na nyati hutegemea risasi moja iingie na ganda moja litoke bila kukwama, na kwa haja hiyo uimara wa kufunga na uhakika wa kutoa ganda hustahili kutangulizwa mbele ya kasi.