Ncha Mbili za Mstari Mmoja

Chukua ramani ya Kenya, weka kidole Vanga, kule pwani ya kusini kabisa. Sasa fuata mpaka wa Tanzania kwenda juu. Mstari unanyooka, unapinda kidogo kuipisha Kilimanjaro, kisha unanyooka tena mpaka unagonga ziwa. Pale unapogonga ziwa ni jirani na Muhuru Bay, Nyatike, Kaunti ya Migori. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana hivi: mstari uanzie mdomo wa Mto Umba, uishie mahali nyuzi moja ya kusini inapokutana na ukingo wa mashariki wa Nyanza. Hakuna aliyewauliza watu wa Muhuru, wala wa Vanga.

Nauleta mstari huu kwa sababu ya tumbaku. Kwenye kundi letu la WhatsApp la familia, baba mdogo ameandika kwamba anataka kulima siga kwenye shamba letu. Yaani si sigara hizi za kawaida, ni yale masigara manene ya kahawia ambayo matajiri huvuta kwenye filamu. Anataka hasa lile jani la nje, linalofungia siga. Ameona kwamba siga moja nzuri Nairobi huuzwa kwa maelfu ya shilingi. "Tumbaku sisi tunaijua," ameandika. "Tulikosea aina tu." Ndugu wanne wameshamwekea kidole gumba. Shamba ni la wote, kwa hiyo na mimi natakiwa kusema kitu. Kabla sijasema ndio au hapana, nimerudi kwenye historia, maana wazo hili si geni Afrika Mashariki. Lilishajaribiwa, tena upande wa ile ncha nyingine ya mstari.

Kwanza tuelewane kuhusu jani lenyewe. Siga ina majani ya ndani, ina jani la kuyashikanisha, halafu ina jani la nje kabisa ambalo mvutaji analiona na kuligusa. Hilo la nje ndilo ghali kuliko yote. Lazima liwe jembamba, linyumbulike bila kupasuka, mishipa yake iwe midogo, na rangi iwe sawa kila mahali. Mdudu akitoboa tundu moja, jani limeshuka daraja. Mvua ya mawe ikipita dakika tano, msimu umekwisha. Halikaushwi kwa moto wa tanuri kama tumbaku ya sigara za kawaida. Linatundikwa kwenye banda lenye hewa, polepole, kisha linarundikwa na kuchachushwa kwa miezi. Ni zao la kupapasa kwa mkono, jani kwa jani.

Karne ya 19 jani bora la aina hii lilitoka Deli, mashariki ya kisiwa cha Sumatra. Mholanzi Jacobus Nienhuys alifika huko mwaka 1863, na ndani ya miaka michache wafanyabiashara wa Ulaya walikuwa wakiligombania jani la Deli. Utajiri huo ulisimama juu ya migongo ya vibarua wa Kichina, na baadaye wa Kijava, waliofungwa na mikataba na madeni. Kibarua aliyetoroka alihesabiwa mhalifu. Lakini habari iliyofika Berlin na Bremen ilikuwa ya faida, basi. Wajerumani wakajiuliza: kama Waholanzi wameweza Sumatra, kwa nini sisi tusiweze Afrika?

Jibu lao liliitwa Lewa. Mwaka ule ule wa 1886, mstari ulipokuwa ukichorwa, kampuni ya mashamba ya Kijerumani iliundwa ili kulima Afrika Mashariki, na tumbaku ikawekwa mbele. Shamba lake maarufu likafunguliwa Lewa, bara ya Pangani, chini ya milima ya Usambara. Kazi nani afanye? Wenyeji walikuwa na mashamba yao wenyewe na hawakuona sababu ya kwenda kuinamia miche ya mgeni. Kampuni ikawakodi watumwa kutoka kwa mabwana zao wa pwani. Mtumwa analima, bwana anachukua fungu lake kwenye ujira. Msimamizi, Friedrich Schröder, alijulikana kwa ukatili wake, na miaka ya baadaye serikali yake mwenyewe ilimfikisha mahakamani kwa ajili hiyo.

Mwaka 1888 pwani ikalipuka. Historia ya shule inatufundisha jina la Abushiri bin Salim, na la Bwana Heri wa Saadani. Tunafundishwa bendera na ushuru. Ila kuna jambo dogo ambalo mimi sikulisikia darasani: shamba la tumbaku la Lewa nalo lilikumbwa na vita hivyo, na Wazungu wake wakakimbia. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Wajerumani wakarudi na mbegu zao, na safari hii wakaamua kuinakili Sumatra mzima mzima. Mwaka 1892 wakaleta vibarua wa Kichina na wa Kijava kwa meli mpaka Tanga. Fikiria hapo kidogo. Mtu anatolewa Asia ya mbali, anavushwa bahari nzima, aje aguse majani kwa uangalifu ambao mtu aliyepigwa jana hawezi kuwa nao.

Haikufaa. Jani la Usambara halikuweza kusimama karibu na jani la Deli, na gharama za kuleta watu zilikuwa kubwa. Tumbaku ikaachwa. Pesa zikahamia kahawa, kisha mkonge, ambao Richard Hindorf alikuwa ameuingiza mwaka 1893 kwa miche ya kutoka Florida. Miche 1,000 ilisafirishwa, 62 tu ikafika hai, na kutoka hiyo 62 ukazaliwa mkonge wote wa Tanganyika. Mkonge hauna aibu na tundu la mdudu.

Nisimwonee baba mdogo. Kuna mahali jani la siga lilihamishwa likakubali. Connecticut, Marekani, wakulima walipoona jani la Sumatra linawanyang'anya soko, mwaka 1900 walianza kufunika mashamba kwa mahema ya kitambaa ili wapate kivuli kama cha mawingu ya Sumatra. Wakafanikiwa. Kameruni na Jamhuri ya Afrika ya Kati, mbegu yenye asili ya Sumatra ilitoa jani la kahawia ambalo mpaka leo watengenezaji wa siga wanalitafuta. Kwa hiyo udongo wa Afrika hauna kosa. Ila tazama kilichokuwa nyuma ya mafanikio hayo. Connecticut kulikuwa na mitaji, wataalamu wa serikali na viwanda vya siga jirani. Kameruni, shirika la tumbaku la dola ya Ufaransa lilisimama kama mnunuzi kwa miaka mingi. Mkulima mmoja na mbegu yake hakuwahi kufika popote peke yake.

Sasa turudi ncha ya ziwani. Tumbaku yenyewe si mgeni kwetu. Wajaluo wanaiita *ndawa*, na wazee walikuwa na ugoro wao kabla ya kampuni yoyote. Kilichokuja miaka ya 1970, ilipokuwa bado inaitwa South Nyanza, ni tumbaku ya mkataba. British American Tobacco, kampuni iliyokuwa imeingia Mombasa mwaka 1907, ilianza kusajili wakulima. Miaka ya 1980 Mastermind nayo ikazaliwa ikawa mshindani. Muhuru kwenyewe watu waliendelea na omena, mbuta na ngege, lakini kule juu, Suna, Uriri, Kuria, vilima vikajaa mabanda ya kukaushia.

Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alilima Suna, kwa kampuni ambayo sitaitaja. Mkataba ulikuwa rahisi kuusikiliza: tunakupa mbegu, mbolea na dawa, wewe ulime, tutanunua sisi, tutakata deni letu. Kazi ilianza kitaluni na kuisha sokoni baada ya miezi kama tisa. Jani la Virginia hukaushwa kwa tanuri, na tanuri linataka kuni usiku na mchana kwa karibu wiki nzima. Baba yangu alikuwa akiamka saa nane za usiku kuchochea moto, asubuhi aende shule akisinzia. Dani anakumbuka kuvuna asubuhi majani yakiwa na umande, kisha kizunguzungu na kutapika. Wakadhani ni malaria. Leo tunajua nikotini hupenya ngozi kupitia jani bichi lenye maji, na ugonjwa huo una jina lake katika vitabu vya tiba. Miti ya kienyeji ikaisha, wakapanda mikaratusi, nayo ikaingia tanurini.

Halafu siku ya kuuza. Mtu wa kampuni anapita, anashika jani, anasema daraja. Neno moja tu. Hakuna mzani wa daraja, hakuna rufaa, na huwezi kubeba robota lako ukatafute mnunuzi mwingine, maana una deni, na tumbaku hailiwi. Mwaka mmoja babu alirudi na karatasi ya makato na pesa ya kununua kilo mbili za sukari. Dani anasema hakuongea mpaka kesho yake.

Hapo ndipo Lewa na Suna zinapokutana. Sisemi babu alikuwa mtumwa, hapana. Alitia sahihi mwenyewe, na kuna majirani waliojenga nyumba za mabati kwa tumbaku hiyo hiyo. Ninachosema ni kwamba katika ncha zote mbili, aliyelishika jani siye aliyelipa jina. Bei ilikaa mbali, hasara ikakaa shambani. Na jani la siga ndilo baya zaidi kwa hilo. Kama kwa Virginia daraja lilitosha kummaliza mzee, je, jani ambalo tundu moja linaliangusha, ambalo wanunuzi wake duniani ni wachache, na ambalo sisi hatuvuti?

Mambo mengine nayo yamebadilika. Kenya iliridhia mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, na sheria yetu ni ya 2007. Mkataba huo unazitaka nchi ziwasaidie wakulima wapate njia nyingine ya kuishi. Kwa miaka mingi hilo lilibaki karatasini. Kisha WHO, FAO na WFP wakaja Migori na mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku, wakawapa wakulima mbegu ya maharagwe yenye madini mengi ya chuma, ile Nyota, na WFP ikasimama kama mnunuzi. Maharagwe yana shida zake, ukame ni mmojawapo, na mradi wa wafadhili unaweza kuondoka. Lakini tofauti yake na tumbaku inaelezeka kwa sentensi moja: mnunuzi akikosekana, unapika.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi naongeza, kwanza tumwulize mgeni maswali. Nimemwandikia baba mdogo manne. Nani atanunua, na yuko tayari kuandika bei kabla ya kupanda? Nani atapanga daraja, na tukikataa tutaenda kwa nani? Mahema, mabanda na miezi ya kuchachusha ni pesa za nani? Na mwaka ambao mvua ya mawe itapita, nyumba itakula nini? Akipata majibu manne kwa maandishi, nitakuwa wa kwanza kushika jembe. Asipoyapata, hapana yangu ihesabiwe. Ameyasoma, alama za bluu zimeonekana. Wakati tunasubiri, robo ekari ya juu ina maharagwe, na Dani ameshaanza kuyachambua.