Jina la Cheti na Jina la Nyumbani

Katika Mkataba wa Versailles, uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919 baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kuna kifungu cha 246 ambacho Mtanzania akikisoma kwa mara ya kwanza hushtuka. Kifungu hicho kiliitaka Ujerumani ikabidhi kwa serikali ya Uingereza, katika muda wa miezi 6, fuvu la Sultani Mkwawa wa Wahehe. Miezi 6 iligeuka kuwa miaka 35, kwani fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954. Habari za fuvu zimeandikwa na wengi. Mimi kilichonivuta ni jina. Mtawala yule aliitwa Mkwavinyika, na Mkwawa ni kifupi chake tu, kilichozoeleka midomoni mwa watu. Wakubwa wa dunia walipokaa Ufaransa kuandika hati nzito kuliko zote za zama zao, walitia humo jina la mkato. Na mjukuu wa mtawala huyo, Adam Sapi Mkwawa, ambaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi, alilibeba jina hilohilo la mkato mahali pa jina la ukoo, na sidhani kama kuna aliyemwambia kwamba halijatimia.

Nayasema haya kwa sababu mwaka jana binti yangu alijifungua mtoto wa kike, akataka kumpa jina la mama yangu, ambaye ni marehemu. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuja tulipofika kwenye fomu. Mama yangu alikuwa na jina zima alilopewa siku ya akika yake, na alikuwa na jina la mkato ambalo mtaa mzima, wauza samaki, masheikh na sisi wanawe tulimjua nalo. Majina yenyewe nitayaacha nyumbani. Kwa ajili ya maelezo, msomaji na achukulie kwamba jina zima lilikuwa Zainabu na la mkato lilikuwa Zena. Je, cheti kiandikwe lipi?

Rai yangu ya kwanza ilikuwa ile ya wazee wengi: cheti ni cha jina zima, na jina la mkato likae nyumbani. Nilikuwa na hoja, na bado naiona ni hoja. Mwenye jina zima anaweza kulikata apendavyo. Abdallah anaweza kuwa Dula akiwa na wenzake na Abdallah akiwa mbele ya hakimu. Aliyeandikwa Dula tangu mwanzo hana pa kurudi.

Iko na hoja nyingine, nayo inatuhusu zaidi sisi wa nchi hizi. Kwetu wengi hatuna jina la ukoo lisilobadilika. Mtu huandika jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Kwa hiyo jina la mtoto wa kiume huwa si lake peke yake. Likiandikwa kwenye cheti chake leo, baada ya miaka 30 litakuwa jina la pili la wanawe, na baada ya miaka 60 litakuwa jina la tatu la wajukuu wake. Mzazi anayemwandikisha mwanawe kwa jina la kumbembelezea anawaandikia pia watu ambao hawajazaliwa. Nimewahi kukutana na mtu mzima mwenye shahada na miwani, ambaye jina lake la tatu ni neno la kumbembelezea mtoto anyamaze. Hakuna aliyekusudia. Babu yake aliitwa hivyo, karani akauliza, watu wakajibu.

Nilipomweleza binti yangu hoja hii ya pili, aliniuliza, "Kwa hiyo, Baba, huyu kwa kuwa ni wa kike, jina lake halina uzito huo?" Swali hilo halikuwa na jibu zuri. Ni kweli kwamba kwa utaratibu wetu jina la mwanamke huishia kwake mwenyewe, maana wanawe hubeba la baba yao. Lakini nikaona kwamba ukweli huo unageuza hoja yangu mwenyewe: ikiwa jina la msichana linakaa kwake tu, basi anayepaswa kufikiriwa ni yeye, na yule anayerithiwa jina, wala si foleni ya wajukuu.

Tena nilipokaa kuyatazama hayo majina mazima ninayoyatetea, niliona mengi yao yalianza kama ya mkato au ya utani. Mtazame Bakari. Ni jina kamili pwani yote. Lipo katika vyeti, katika hati za nyumba, hata katika jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeandika desturi za Waswahili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Lakini Bakari limekatwa kutoka Abubakari. Na Abubakari nalo, kwa mapokeo ya wanahistoria wengi, halikuwa jina ambalo Khalifa wa kwanza alipewa na wazazi wake. Jina lake lilikuwa Abdallah, na Abu Bakr ilikuwa lakabu. Hivyo Bakari wetu ni kifupi cha lakabu, na hakuna karani atakayemrudisha mtu dirishani kwa sababu hiyo. Asha vilevile ni Aisha aliyepita katika vinywa vya Kiswahili akapungua silabi.

Watu wakubwa nao wametufundisha mambo yaleyale. Rais wa kwanza wa Kenya alizaliwa akaitwa Kamau wa Ngengi. Mwaka 1914 alibatizwa Johnstone. Kenyatta lilitokana na mkanda wa shanga aliokuwa akiuvaa alipokuwa kijana wa mjini Nairobi, na Jomo lilikuja baadaye, akalitumia katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya. Mwanawe aliyezaliwa 1961 akaitwa Uhuru Kenyatta, na jina la mkanda likarudi Ikulu mwaka 2013. Mwalimu Nyerere naye, alipozaliwa, aliitwa Mugendi kwa muda mfupi, kisha Kambarage, jina la mzimu wa mvua; Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943, akiwa mtu mzima. Nyerere lilikuwa jina la baba yake, na kwa Kizanaki ni kiwavi, kwa sababu mzee huyo alizaliwa wakati viwavi vimevamia nchi. Leo ndege zinatua katika uwanja wenye jina hilo.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Hilo ndilo lililokuwa jina lake zima na halali, kama kungekuwa na cheti. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilopewa baadaye alipokwisha kusifika kwa uimbaji. Mwaka 1928, alipokwenda Bombay kurekodi santuri, lililokwenda ni jina la Siti, na Shaaban Robert alipoandika wasifu wake aliupa jina hilo. Mtu mwenye kushikilia kwamba jina la kwanza ndilo la kweli anijibu hapa.

Wazungu nao si tofauti. Malkia Elizabeth wa Uingereza alipokuwa mtoto alishindwa kulitamka jina lake, akajiita Lilibet, na jamaa wakamwachia hivyo. Mwaka 2021 kitukuu chake aliyezaliwa California aliandikwa Lilibet, neno la kitoto likawa jina la cheti. Na Jimmy Carter, ambaye majina yake kamili yalikuwa James Earl, aliapa kuwa Rais wa Marekani mwaka 1977 kwa jina la Jimmy.

Hata hivyo, kilichomaliza mjadala wetu hakikuwa Versailles wala Bombay. Kilikuwa kiwanja. Mama yangu alipofariki, hati ya kiwanja ilikuwa na jina zima, kadi yake ya hospitali na karatasi ya kifo vina jina la mkato, na barua ya serikali ya mtaa ilikuwa na la mkato pia, kwa kuwa mjumbe alimjua kwa hilo. Ofisi moja ikatuambia hao ni watu wawili. Tulikwenda kwa wakili tukala kiapo, tukarudishwa kwa sababu herufi moja ilitofautiana, tukala kingine. Miezi 9 ilipita ikithibitishwa kwamba mama yetu alikuwa mama yetu. Binti yangu ndiye aliyekuwa akibeba bahasha ile.

Mimi nilidhani habari hiyo inanisaidia. Kama mama angetumia jina zima kila mahali, nilisema, tusingepata taabu. Binti yangu akasema taabu ilitoka kwenye kuwa nayo mawili. "Bibi aliitwa Zena miaka 70. Hilo zima lilikuwa la karatasi moja tu. Huyu nataka awe na moja, na liwe lile nililokuwa nikimwita bibi." Mkwe wangu alikwisha kusema kwamba kwake yote ni sawa. Nilikaa kimya, nikakumbuka kwamba hata mimi, nikimwombea mama yangu, sitaji Zainabu.

Nilimshauri jambo moja tu, akalikubali: waamue tahajia moja kabla ya kwenda, jina liandikwe kwa herufi kubwa kwenye tangazo la kizazi, na lisomwe kwa sauti mbele ya mwandishi kabla hajapiga muhuri. Kadi ya kliniki ikaandikwa hivyohivyo. Cheti kilipotoka kilikuwa na jina la mkato, herufi zote zikiwa mahali pake, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa cheti changu.