Nani Alimfunza Mwalimu Mkuu?

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mlioko shuleni sasa,

Tukikutana husimulia zaidi habari za bweni na viranja. Leo nataka niwataje walimu wakuu wa shule za msingi, maana pasipo wao tusingefika sekondari.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka mtoto awe na akili ya kudadisi, asiwe mkariri tu. Kisha Novemba 1974, huko Musoma, TANU ikaamua elimu ya msingi kwa wote ifikiwe 1977 badala ya 1989. Walimu watoke wapi? Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, zaidi ya 40,000 katika miaka ya mpango ule, wakafunzwa wakiwa kazini: wafundishe, wasome kwa njia ya posta, wasikilize redio.

Mzigo ukamwangukia mwalimu mkuu. Alikuwa tayari na shamba la shule na vikao vya kijiji. Sasa akawa na mkufunzi wa ualimu. Naye mara nyingi aliteuliwa kwa kuwa alifundisha vizuri, si kwa kuwa alisomea uongozi. Watu huwacheka walimu wa UPE. Mimi siwacheki, kujifunza kwa kutenda kunataka mtu wa kukaa nyuma ya darasa, halafu aulize, "Kwa nini umefundisha hivi?"

Baadaye chuo cha MANTEP kilianzishwa Bagamoyo kuwafunza viongozi wa elimu, na mwaka 2001 kikawa wakala, ADEM. Nawajua walimu wakuu waliostaafu bila kukanyaga lango lake.