Mpishi Nyuma ya Ukuta

Kila nifundishapo historia ya kazi, wanafunzi huniuliza swali lilelile: je, akili mnemba itawafukuza wapishi jikoni? Jibu langu huanzia mwaka 1902. Mwaka huo kampuni ya Horn & Hardart ilifungua mjini Philadelphia, Marekani, mgahawa usio na wahudumu wa mezani. Mteja alitumbukiza sarafu, akazungusha kitasa, akafungua kidirisha cha kioo na kujichukulia chakula. Ungedhani mashine ndiyo iliyopika. Kumbe nyuma ya ukuta ule palikuwa na wafanyakazi waliovijaza vidirisha kila vilipobaki vitupu. Mhudumu aliondolewa, mpishi alifichwa tu.

Mwaka 2018, huko Pasadena, California, roboti iitwayo Flippy iliwekwa katika mgahawa wa CaliBurger ili igeuze nyama za baga, ikitambua kwa kamera zipi zimeiva. Haikuchukua siku nyingi ikasimamishwa kwa muda, kwani binadamu waliofanya kazi kando yake walihitaji mafunzo zaidi ili kwenda na mwendo wake.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mashine huchukua kitendo kimoja, kisha humlazimisha aliyebaki kukimbia kwa mwendo wake. Kwa hiyo kuhesabu ajira zilizopotea hakutoshi. Watunga sera wetu waulize pia: ni nani apangaye kasi ya jiko, na anayebaki humo analipwa nini? Mpishi asiyeonekana ni rahisi kumpunja.