Mume, Mke na Barua ya Uhamisho

Historia ya usharika wa mjini haiandikwi kwa majina ya wazawa peke yao. Katika mji kama Shinyanga, na katika kata kama Ngokolo, daftari la washarika lina kurasa nyingi za watu waliokuja kwa kazi, wakakaa miaka miwili, mitatu au kumi, kisha kazi ikawaondoa. Watu hao walifika na barua mbili. Ya kwanza ilitoka kwa mwajiri, nayo ilitaja cheo, kituo kipya na siku ya kuripoti. Ya pili ilitoka kwa mchungaji wa usharika waliouacha, ikiwatambulisha kuwa ni Wakristo waliobatizwa, waliopata Kipaimara na wanaoshiriki Meza ya Bwana. Barua ya mwajiri ilikuwa na jina la mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mume. Barua ya mchungaji ilikuwa na majina ya mume, mke na watoto. Sehemu kubwa ya historia ya Walutheri katika ukanda huu imo katika tofauti ya barua hizo mbili.

Reli, makarani na mbung'o

Mashamba ya kale ya misioni za Kilutheri hayakuwa Usukumani. Yalikuwa Kilimanjaro na Meru, Usambara, Bukoba, Iramba na nyanda za juu za kusini. Huku Shinyanga waliotangulia walikuwa wengine: Misioni ya Afrika Inland, ambayo hospitali yake ya Kolandoto inajulikana hadi leo, pamoja na Wakatoliki. Kwa hiyo Walutheri wengi waliofika mjini Shinyanga hawakuletwa na misionari. Waliletwa na ajira.

Njia yao ya kwanza kubwa ilikuwa reli. Tawi la reli kutoka Tabora lilipita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928. Stesheni zilihitaji makarani, mafundi na watunza njia. Ofisi za serikali nazo zilihitaji wakalimani, wahasibu na wauguzi. Huko Old Shinyanga serikali ya kikoloni iliweka makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege karibu na Singida mwaka 1938. Mwaka 1940 Dkt. John Williamson aligundua almasi Mwadui, na mahali palipokuwa pori pakawa mji wenye nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali yake. Wakati huohuo dhahabu ilikuwa ikichimbwa Geita, katika mgodi uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966.

Kwa mume, uhamisho ulikuwa na utaratibu wake: hati ya safari, posho ya kujikimu, nafasi ya mizigo katika behewa. Kwa mke haukuwa na utaratibu wowote. Aliyetoka Kilimanjaro aliacha kihamba chenye migomba na mfereji wa maji. Aliyetoka Bukoba aliacha kibanja. Huku alikuta nchi ya mtama na viazi vitamu, yenye kiangazi kirefu. Alijifunza michembe na matobolwa, akajifunza salamu za Kisukuma kwa jirani aliyemwonyesha kisima. Aliuza au kugawa alichopanda kabla hakijakomaa, akafunga vyombo, akafika ugenini na kuanza tena. Miaka miwili baadaye barua nyingine ilikuja, naye akafunga vyombo hivyohivyo.

Hata hivyo, ni katika nyumba hizo za kazi ambamo sala nyingi za kwanza za Walutheri wa mijini ziliongozwa. Watu waliozoea kengele ya Jumapili hawakuweza kukaa bila ibada. Walikusanyika sebuleni kwa mmoja wao, wakiwa na Biblia na kitabu cha nyimbo kilichokuja ndani ya sanduku la bati. Sebule ilipokuwa ndogo walihamia chini ya mti au katika darasa la shule. Mume alikuwa kazini siku sita. Aliyejua ni nani anaumwa, nani amejifungua na nani amewasili jana kwa treni alikuwa mke.

Kazi ya muda wakati wa vita

Si makarani peke yao waliohamishwa hivyo. Historia ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa kwa muungano wa makanisa saba tarehe 19 Juni 1963, ina mifano mingi ya watumishi waliopewa kazi za muda, na ya ndoa zilizolipa gharama ya kazi hizo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini mwaka 1920, na wakaanza kuruhusiwa kurudi mwaka 1925. Katika miaka hiyo walimu na wainjilisti Waafrika, pamoja na wake zao, ndio walioshika sharika na shule za Kilimanjaro. Wamisionari wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani waliitwa kusaidia kwa muda. Wajerumani waliporudi, Waamerika hao walikabidhiwa eneo la Iramba na Singida, nchi ambayo mtu wa Shinyanga huifikia kwa kuvuka mbuga ya Wembere.

Miongoni mwa waliotumwa huko walikuwa Elmer Danielson na mkewe Lillian. Elmer alianza kazi Tanganyika mwaka 1928 na aliendelea hadi mwaka 1968, miaka 40, ambayo baadaye aliiandikia kitabu cha kumbukumbu. Lakini miaka hiyo haikupita katika kituo kimoja. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Wajerumani waliwekwa tena kizuizini, na sharika zao zikabaki yatima. Waamerika wachache waliokuwa Iramba walitakiwa kuangalia pia sharika za Kilimanjaro na Meru, na baadaye za kusini. Danielson alikuwa mmoja wa waliobeba usimamizi wa kazi ya kaskazini. Ilikuwa kazi ya muda, ya kushikilia mlango hadi vita viishe.

Mwaka 1941 Lillian alikuwa Marekani na watoto wao sita, na mumewe alikuwa tayari Tanganyika. Mwezi Machi mwaka huo alipanda meli ya Kimisri iitwayo Zamzam pamoja na watoto wote ili kumfuata. Kwa sababu ya vita njia ya Bahari ya Mediterania haikuwa salama, hivyo meli ilikusudia kuzunguka kupitia Cape Town. Alfajiri ya tarehe 17 Aprili, katikati ya bahari ya Atlantiki, meli ya kivita ya Wajerumani iitwayo Atlantis iliipiga Zamzam kwa mizinga. Baadhi ya mashua za kuokolea zilijaa maji, na watu walielea baharini. Wote walitolewa majini na Wajerumani haohao walioizamisha meli yao, wakapakiwa katika meli nyingine, Dresden. Kwa takriban mwezi mmoja dunia haikujua walipo. Tarehe 20 Mei walishushwa katika pwani ya Ufaransa iliyokuwa imetekwa, na Waamerika wakaruhusiwa kurudi kwao kupitia Ureno. Lillian alirudi na watoto sita mahali alipoanzia safari. Elmer alibaki upande huu wa dunia, akiendelea na kazi aliyopewa kwa muda.

Ndani ya meli hiyohiyo alikuwemo Mchungaji Ralph Hult, mmoja wa Waamerika wa kwanza wa Augustana kuja Tanganyika. Baada ya kuokoka alisafiri tena, akimwacha mkewe na watoto Marekani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1943.

Huko Bukoba, kazi ya Misioni ya Betheli ilishikwa na Waswidi. Bengt Sundkler na mkewe Ingeborg, waliokuwa wakitumika Afrika Kusini katika nchi ya Wazulu, walihamishiwa Bukoba mwaka 1942, wakakaa hadi mwaka 1945. Ni miaka mitatu tu. Lakini Sundkler alirudi baadaye akawa askofu wa kwanza wa Bukoba, kuanzia mwaka 1961 hadi 1964, alipompisha Josiah Kibira. Kituo cha muda cha wakati wa vita kiligeuka kuwa kifungo cha maisha yote.

Taarifa za misioni za siku zile zilihesabu vituo kwa jina la mume. Mke aliyefundisha wasichana, aliyefunga vidonda na kupokea wageni alitajwa kama mke wa fulani. Lakini bila Lillian kukubali kuipanda Zamzam, habari ya Danielson haielezeki. Alikuwa akienda kwenye kazi yake pia.

Kutoka behewa hadi kambi ya mgodi

Baada ya uhuru mwaka 1961 uhamisho ulikuwa sehemu ya ujenzi wa taifa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilidai elimu ya msingi kwa watoto wote, na walimu wakapelekwa hata vijijini ambako nyumba ya mwalimu haijajengwa. Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza kurejesha miti katika nchi iliyokuwa imekatwa mapori yake, kwa kufufua ngitili, utaratibu wa Wasukuma wenyewe wa kutenga malisho. Nao ulileta wataalamu wa misitu na kilimo na familia zao. Katika kipindi hiki jambo jipya lilitokea: mke naye alikuwa na barua yake ya ajira. Mwalimu aliolewa na bwana misitu, muuguzi na karani wa benki. Mmoja alipohamishwa, mwingine aliandika kuomba kumfuata mwenzi wake. Ombi lilipita kwa mwalimu mkuu na kwa wakurugenzi wa halmashauri mbili, na lilipokawia, ndoa iliishi katika miji miwili na kukutana wakati wa likizo.

Migodi mipya iliongeza uzito wa jambo hili. Bulyanhulu ilianza uzalishaji mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya mgodi mkubwa wa wazi wa Geita kufunguliwa. Buzwagi, wilayani Kahama, ilianza mwaka 2009 na ikafungwa mwaka 2021. Katika kazi ya migodi mtu huajiriwa kwa mkataba wenye tarehe ya mwisho. Wengi hukaa kambini kwa zamu ya wiki kadhaa, kisha hupewa siku za mapumziko. Mke hubaki mjini na watoto, au hubaki Moshi, au Mwanza. Kwa wachimbaji wadogo, barua haipo kabisa. Habari za dhahabu mpya zikivuma, mume na mke hufunga virago. Yeye huingia duarani, na mkewe hupika chakula cha wachimbaji au hutwanga mawe. Dhahabu ikipungua, wanaelekea machimbo mengine. Hawa nao ni washarika, na barua ya mchungaji ndiyo pekee inayoweza kuwatambulisha.

Reli nayo imerudi na watu wake. Mwaka 2021 ujenzi wa reli ya kisasa ulianza katika kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ukaleta mafundi, madereva na wapima ardhi, wengi wao kwa mikataba ya muda, kama ilivyokuwa kwa makarani wa miaka ya 1920.

Jembe la mgeni

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sharika za mijini zimeishi kwa methali hii. Mwalimu wa kwaya alikuwa mhandisi. Mhazini alikuwa karani wa benki. Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa mke wa askari. Kuna gharama pia, na haifai kuficha. Kwaya iliyojengwa na mtu mmoja hunyamaza siku anapohamishwa. Bahasha ya ahadi iliyoandikwa kwa furaha mwezi Januari hubaki bila mwenyewe mwezi Juni. Kwa sababu hiyo wapo waliosita kuwachagua wageni kuwa wazee wa Kanisa, wakisema hawa ni wapitaji.

Maandiko yana jibu la zamani kwa shaka hiyo. Akila na Prisila walikuwa mafundi wa kushona mahema. Amri ya Kaisari Klaudio iliwatoa Rumi wakaenda Korintho, walikompokea Mtume Paulo nyumbani na kazini. Wakahamia Efeso, walikomfundisha Apolo, mhubiri hodari. Kisha wanasalimiwa tena wakiwa Rumi. Huko Efeso na Rumi kanisa lilikutana nyumbani mwao. Hakuna mji waliokaa moja kwa moja, na hakuna mahali wanapotajwa mmoja bila mwenzake. Zaidi ya mara moja jina la Prisila linatangulia.

Kwa mwandishi wa daftari la usharika hilo ni fundisho la wazi. Mahali palipoandikwa jina la mume, idara yake na tarehe ya kuhama, yaandikwe majina mawili, na kazi ambayo kila mmoja aliifanya humu. Wapo wazee ambao bado wanakumbuka ni mama gani alianzisha kikundi cha wanawake kabla mumewe hajahamishiwa Tabora, na ni nani aliyeuza cherehani yake ili bati za kwanza zinunuliwe. Kumbukumbu hizo zikikusanywa sasa, wale watakaoandika historia ya miaka mia ijayo watazikuta, na watoto wa watu waliopita hapa, popote walipo nchini, watayaona majina ya wazazi wao wote wawili.