Mlima ambako maadui walioana

Msikilizaji, wengi wetu tukisikia Italia fikira hukimbilia mpira na makaroni. Anayejua zaidi ya hapo atakutajia Warumi, majeshi yao na Kaisari wao. Lakini Warumi hawakuwa peke yao katika nchi ile, na wiki hii nataka nikupandishe mlima ambao wao walikuwa wa mwisho kuufikia. Si mlima wa kutisha, una mita 600 na ushei tu. Unaitwa Monte Bibele, nao uko katika safu ya Apennini, kusini ya mji wa Bologna.

Kwanza tuwajue wenyewe. Waetruski walikaa hasa katika nchi inayoitwa leo Toscana. Walikuwa wajenzi wa miji, mafundi wa shaba na chuma, na waliandika kwa herufi walizozipata kwa Wagiriki. Herufi hizo zinasomeka, ila lugha yenyewe haina udugu na lugha za majirani zao, na maneno yake mengi hayajafahamika hadi leo. Walivuka Apennini kwenda kaskazini wakawa na mji wa Felsina, ndio Bologna ya sasa. Wakelti nao walitoka ng'ambo ya milima ya Alpi. Kabila lao moja, Waboii, lilikuja kukamata nchi ya huko Felsina katika karne ya 4 K.K.

Walikutana vipi? Livius, mwanahistoria wa Kirumi, anasema Wakelti walivutwa Italia na utamu wa mvinyo, na kwamba Waboii walivuka mto Po kwa vyelezo, wakawafukuza Waetruski. Polybius, ambaye alikuwa Mgiriki, anaongeza kwamba watu hao waliishi katika vijiji visivyo na kuta, wakilala juu ya majani na kula nyama, wala hawakuwa na ujuzi ila wa vita na kilimo. Kwa ufupi, washenzi waliingia na wastaarabu wakatoka.

Sasa tuwatazame wasimulizi. Mwanzoni mwa karne hiyo ya 4 Wakelti wa kabila jingine waliuteka mji wa Roma wenyewe. Mwaka 216 K.K. Waboii walimvizia jemadari Postumius msituni, wakamwua yeye na jeshi lake, na Livius anasimulia kwamba fuvu la kichwa chake walilipamba kwa dhahabu wakalifanya chombo cha ibada. Aliyetendewa hayo usimtazamie atoe sifa njema za jirani yake!

Kwa muda mrefu sana hapakuwa na shahidi mwingine. Mwaka 1871 wataalamu wa mambo ya kale walikutana Bologna, wakapelekwa kuona Marzabotto, magofu ya mji wa Kietruski. Miongoni mwao walikuwapo Gabriel de Mortillet kutoka Ufaransa na Édouard Desor kutoka Uswisi. Walipoonyeshwa silaha zilizotoka ardhini pale, wakazitambua mara moja: zilikuwa sawa na zile zilizofukuliwa makwao, silaha za Kikelti. Basi wahamiaji wa Livius hawakuwa hadithi. Lakini panga hizo hazikueleza wenye nazo waliishi vipi na waliowakuta.

Hilo lilingoja Monte Bibele, ambako Chuo Kikuu cha Bologna kilianza kuchimba kwa utaratibu katika miaka ya 1970. Ulionekana mtaa wa nyumba kama 40 za mawe, zimepangwa juu ya matuta yaliyokatwa ubavuni mwa mlima, pamoja na birika la kuhifadhia maji. Kando, kwenye kilima cha Monte Tamburino, yalikuwapo makaburi zaidi ya 150. Hapo ndipo penye habari. Makaburi ya mwanzo yako juu kileleni, na hayana silaha. Ukiteremka unaingia wakati wa baadaye, na ghafla unakuta wanaume waliozikwa na panga ndefu za Kikelti, mikuki, na wengine na chapeo. Hawakutengewa mahali pao. Wamelala pamoja na wale wa kwanza, katika maziara yale yale.

Tena angalia walichozikwa nacho. Mtu ana upanga wa Kikelti ubavuni, na hapo hapo ana vyombo vya kunywea mvinyo kwa desturi ya Kietruski, na kile chuma cha kukwangulia mafuta na jasho mwilini walichotumia vijana wa Kigiriki viwanjani. Juu ya vyungu vingine yamekwaruzwa majina ya Kietruski, mengine ya wanawake. Wataalamu wengi wanasema hizi ni ndoa: mume Mkelti, mke Mwetruski.

Kuna watakaosema chungu si cheti cha ndoa. Kweli, chungu chaweza kuibwa, kurithiwa, hata kununuliwa. Wala mimi sidai kwamba kila bibi harusi wa mlima ule alikwenda kwa hiari yake. Makaburi hayasemi hayo. Lakini mwizi huiba mara moja akaenda zake. Hawa walikaa mlimani pamoja karibu miaka 200, wakizikana. Kwangu mimi hiyo inatosha kumnyima Livius neno lake "wakawafukuza", angalau mahali hapa.

Mwisho wao tunaujua zaidi. Mwaka 191 K.K. jemadari Scipio Nasica aliwashinda Waboii, wakanyang'anywa nusu ya ardhi yao. Mwaka 189 Warumi walianzisha mji wao wa Bononia pale ilipokuwa Felsina, na mwaka 187 wakapitisha barabara yao kuu, Via Aemilia. Katika miaka hiyo hiyo kijiji cha Monte Bibele kiliteketea kwa moto, na wachunguzi wanauhusisha moto huo na vita vya Warumi. Mapaa yaliangukia akiba ya chakula ndani ya nyumba. Nafaka na kunde zikaungua zikawa makaa, na kwa kuwa makaa hayaozi, wachimbaji walizikuta baada ya miaka zaidi ya 2,000. Nyumba hazikujengwa tena.